Vijiji Vilivyobaki Katika Daftari la Posta

Mwezi huu tumekusudia kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa vijana, habari ya kazi moja ambayo mtu akiitazama kwa mbali huiona kavu, kazi ya makarani na karatasi zao, lakini akiikaribia huona kuwa ndani yake mna maisha ya watu. Nayo ni kazi ya kuvitafuta vijiji vilivyosahauliwa kwa kufuata madaftari ya kale ya posta. Mfano wetu tutautoa Marekani, kwa sababu huko madaftari hayo yamehifadhiwa, na kila mwenye kutaka kuyasoma ameruhusiwa.

Kijana aliyezaliwa mjini huona tabu kusadiki kwamba kijiji kizima kinaweza kutoweka. Atauliza: watu wake wamekwenda wapi, na nyumba zao, na visima vyao? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1901 Marekani ilikuwa na posta 76,945, wala haikupata kuwa na nyingi kama hizo kabla ya hapo au baada yake. Leo ziko kiasi cha 31,000, ingawa watu wa nchi ile wamezidi mara nne kuliko walivyokuwa siku zile. Nyingi katika posta zilizofungwa zilikuwa za mashamba, na vijiji vyake vingi havimo tena katika ramani. Mahali pengine yamebaki makaburi machache katikati ya shamba la ngano. Pengine hata hayo hayakubaki.

Ili jambo hili lifahamike, yatupasa kwanza tujue posta ilikuwa nini kwa mkulima wa zama zile. Sisi wa Afrika Mashariki hatuoni shida kulifahamu, maana hata leo wengi wetu barua hazitufikii mlangoni. Twazifuata katika sanduku la posta, na anwani ya mtu ni nambari ya sanduku lake au la shule yake au la mwajiri wake. Mkulima wa Marekani wa karne ya 19 alikuwa vivyo hivyo. Watu wa miji mikubwa walianza kuletewa barua nyumbani mwaka 1863, lakini mtu wa shamba alipanda farasi au alikwenda kwa miguu maili tatu, maili kumi, au zaidi ya hapo, ili kuuliza kama ameandikiwa. Na hiyo posta yenyewe msidhani ilikuwa jumba la mawe lenye bendera juu yake. Aghalabu ilikuwa pembe ya duka, au meza katika ukumbi wa nyumba ya mtu, na kabati lenye vijumba vya kutilia barua. Mwenye duka ndiye aliyekuwa postamasta. Malipo yake hayakuwa ya kutajika, kwani alilipwa kwa kadiri ya stempu alizozipiga mhuri. Lakini alijua kuwa mtu akija kuuliza barua hatatoka bila ya kununua sukari.

Barua zililetwa na watu waliopewa kazi hiyo kwa mkataba. Sheria ya mwaka 1845 ilisema kwamba kazi apewe anayetaka malipo madogo kuliko wenzake, maadamu atazichukua barua kwa haraka, kwa hakika na kwa usalama, akitaka kwa farasi, akitaka kwa gari, akitaka kwa miguu yake. Makarani wa Washington walichoka kuyaandika maneno matatu hayo kila mara, wakatia nyota tatu badala yake, na njia zile zikaitwa njia za nyota. Habari hii haina kazi kubwa katika maelezo yetu. Tumeitaja kwa kuwa imetupendeza.

Basi pahala palipopata posta palipata jina. Kabla ya hapo watu walisema kwa fulani, au penye kivuko, au kwenye kinu. Baada ya hapo jina liliandikwa juu ya bahasha, likachongwa katika mhuri, na likaingia katika daftari la serikali. Kijiji kikaja kikafa, na daftari likabaki.

Madaftari yenyewe yamo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Ya uteuzi wa mapostamasta yanaanza mwaka 1789, na yaliyopangwa vizuri zaidi yanatoka mwaka 1832 mpaka mwaka 1971, ndipo Idara ya Posta ya zamani ilipovunjwa na kazi yake kushikwa na shirika jipya la serikali. Yamepangwa jimbo kwa jimbo, na katika jimbo wilaya kwa wilaya, na katika wilaya kwa majina ya posta. Kila posta ina mstari wake: siku iliyofunguliwa, jina la postamasta wa kwanza na tarehe ya uteuzi wake, kisha aliyemfuata, kisha aliyemfuata huyo. Kama jina la posta lilibadilishwa, limeandikwa. Kama posta ilifungwa, tarehe imeandikwa. Na katika miaka ya baadaye makarani waliongeza neno moja lenye faida kubwa: barua za watu wa pale zipelekwe posta gani.

Neno hilo ni kama nyayo katika mchanga. Mathalan mtafutaji huona posta ya kijiji cha kwanza imefungwa, na barua zake zimepelekwa kijiji cha pili. Akifungua mstari wa kijiji cha pili huona nacho kimefungwa baada ya miaka michache, na barua zake zimepelekwa cha tatu. Na hicho cha tatu kiko kando ya reli. Hapo, bila ya kuhadithiwa na mtu, amekwisha kujua watu walikuwa wakielekea wapi na kwa sababu gani.

Lakini asomaye madaftari haya hana budi kuwa na hadhari. Akiona kuwa postamasta wa kijiji alibadilishwa mwaka 1885, tena 1889, tena 1893, tena 1897, asidhani kwamba kijiji kiliingiwa na tauni. Miaka hiyo chama kilichoshika urais kilibadilika, na kazi ya posta ilikuwa zawadi ya chama kwa watu wake, hata katika kijiji cha nyumba tano. Mwenye duka wa chama hiki alinyang'anywa mhuri, akapewa mwenye duka wa chama kile, labda aliyekaa ng'ambo ya pili ya barabara, na kabati la barua likavushwa. Wale wanaodhani kuwa kugawana vyeo kwa sababu ya siasa ni uzushi wa siku zetu na wayasome madaftari haya.

Daftari la uteuzi halisemi kijiji kilikuwa wapi hasa, ila hutaja jimbo na wilaya tu. Kwa jambo hilo kuna karatasi nyingine, nazo sisi twaziona bora kuliko zote. Ni taarifa za mahali pa posta, za tangu mwaka 1837 hata mwaka 1950. Idara ya Posta ilikuwa na ofisi yake ya wachora ramani, na ofisi hiyo ilimpelekea mwenye kuomba posta karatasi iliyopigwa chapa yenye maswali. Posta itakuwa katika robo ipi ya kipande kipi cha ardhi iliyopimwa? Mto mkubwa ulio karibu waitwaje, nayo posta itakuwa upande gani wa mto huo, na umbali gani? Na kijito kilicho karibu? Posta jirani ya upande huu ni ipi, na ya upande wa pili ni ipi, na ni maili ngapi kuifikia kila moja? Stesheni ya gari moshi iko wapi? Watu watakaochukua barua hapo ni wangapi? Mwisho aliombwa achore mahali pale kwa mkono wake.

Hebu msomaji amfikirie mtu huyo. Ni mkulima au mwenye kinu, ambaye labda tangu kuzaliwa kwake hajapata kuandikiana na serikali. Jioni ameketi chini ya taa, na wino mbele yake, anaambiwa aieleze nchi yake kwa watu wasiopata kuiona. Wengine walichora mistari miwili na nukta, wakasema yatosha. Wengine walichora mto na vijito vyake vyote, na kinu, na shule, na kanisa, na njia ziendazo miji ya jirani, wakaandika na maili pembeni. Kwa vijiji vingi hakuna picha nyingine iliyobaki ila hiyo. Na kwa kuwa nchi ya magharibi ilipimwa kwa miraba, mwenye karatasi hiyo mkononi leo aweza kwenda mpaka kwenye mraba wenyewe akasimama juu yake, ijapokuwa pametanda majani matupu.

Ile hesabu ya watu tu ndiyo tusiyoiamini upesi. Mwombaji alitaka apewe posta, na mtu anayetaka kitu huhesabu majirani zake kwa ukarimu.

Tena karatasi hizi zimefunua jambo ambalo ramani hazisemi. Posta haikufungwa kamba mahali pamoja. Postamasta mpya akiwa anakaa maili mbili kutoka kwa yule wa kwanza, posta ilimfuata kwake, na jina likamfuata. Kwa hiyo watu wawili wa ukoo mmoja huweza kubishana, huyu akisema babu yetu alikaa hapa, na yule akisema alikaa kule, wote wakawa wanasema kweli.

Juu ya majina pana mambo ya kuchekesha. Katika jimbo la Alabama kuna mji uitwao Arab. Mwislamu akiliona jina hilo katika ramani huenda akasema kwa furaha kuwa ndugu zetu walifika huko zamani. Sivyo. Mwaka 1882 bwana mmoja, Stephen Tuttle Thompson, aliomba posta, akapeleka majina matatu wachague moja, na moja katika hayo lilikuwa Arad, jina la mwanawe. Husimuliwa kwamba huko Washington herufi ya mwisho ilisomwa vibaya, na Arad akarudi hali amekuwa Arab. Hakuna aliyejisumbua kuisahihisha.

Katika Illinois nako kuna mji uitwao Mahomet. Hapo zamani uliitwa Middletown, lakini katika jimbo lilo hilo palikuwapo Middletown nyingine, na Idara ya Posta haikukubali posta mbili za jina moja katika jimbo moja, kwani barua zingepotea. Posta ikaitwa Mahomet, na mwaka 1871 mji wenyewe ukalichukua jina la posta yake. Wapi walilitoa jina hilo, watu wa huko wanahitilafiana. Baadhi yao husema ni jina la mkuu mmoja wa Wahindi Wekundu. Hapana ushahidi kuwa Waislamu walihusika. Lakini Elkader, katika jimbo la Iowa, ni habari nyingine kabisa. Waliouanzisha mwaka 1846 waliuita kwa makusudi kwa jina la Amiri Abdulkadir wa Algeria, ambaye wakati huo alikuwa bado akipigana na Wafaransa. Hakushika silaha chini mpaka Desemba 1847. Watu wa shamba, maelfu ya maili kutoka Algeria, walisoma habari zake katika magazeti wakampenda kwa ushujaa wake. Elkader haukufa. Tangu mwaka 1984 una udugu na mji wa Mascara, huko huko alikotoka Amiri.

Twatoa mifano mitatu hii ili kijana ajue kwamba jina peke yake si ushahidi. Na mwaka 1894 Idara ya Posta ilitoa amri kwamba majina mapya yawe mafupi, na yafaayo zaidi ni ya neno moja. Tangu hapo majina mengi marefu yenye hadithi zake yalikatwa au yalitupwa.

Sasa twende kwenye jambo lililo zito. Kwa nini watu wajisumbue na posta, ilhali serikali ya Marekani huhesabu watu wake kila miaka kumi na kuwaandika majina? Jawabu ni moto. Mwezi wa Januari 1921 moto ulizuka katika jengo la Wizara ya Biashara huko Washington, na karatasi za hesabu ya mwaka 1890 zikaharibika karibu zote, hizi kwa moto na hizi kwa maji ya kuuzimia. Miaka kadhaa baadaye zilizosalia nazo zikateketezwa kwa ruhusa ya serikali. Basi kati ya hesabu ya mwaka 1880 na ile ya mwaka 1900 pana shimo la miaka 20. Na miaka hiyo ndiyo walowezi walipokuwa wakimiminika katika nchi tambarare za magharibi, kwa sheria ya mwaka 1862 iliyompa mtu eka 160 akikaa na kulima. Kijiji kilichozaliwa mwaka 1882 kikafa mwaka 1897 hakimo katika hesabu yoyote iliyopo leo. Katika daftari la posta kimo.

Kwa watu weusi wa Marekani shimo ni refu zaidi. Katika hesabu za mwaka 1850 na 1860 watumwa waliandikwa kwa umri na kwa kuwa ni mwanamume au mwanamke, chini ya jina la bwana wao; majina yao wenyewe hayakuandikwa. Hesabu ya mwaka 1870 ndiyo ya kwanza iliyowaandika wote kwa majina kama watu. Kwa hiyo, mjukuu wa watu hao akitafuta asili yake, kila karatasi yenye jina na tarehe ni mali.

Mwaka 1877 mamia ya watu weusi, wengi wao kutoka Kentucky na waliokuwa watumwa miaka 12 tu kabla ya hapo, walikwenda Kansas kuanzisha mji wao, wakauita Nicodemus. Hapakuwa na miti ya kujengea. Walichimba nyumba ndani ya ardhi kama mashimo, wakakaa humo. Mwanamke mmoja aliyefika na mumewe majira ya kuchipua ya mwaka 1878 alisimulia baadaye kwamba alipoambiwa mji ndio huo, hakuona nyumba hata moja, ila moshi ukitoka chini ya ardhi, naye akalia. Majira ya baridi ya kwanza yalikuwa ya njaa, na katika masimulizi yao husema kuwa Wahindi Wekundu wa kabila la Osage waliwapa nyama. Lakini mwaka huo huo wa 1877, kabla hawajawa na nyumba juu ya ardhi, walikuwa na posta, na postamasta wao wa kwanza alikuwa mtu mweusi, Zachary Fletcher. Sisi jambo hili limetuathiri sana. Watu ambao juzi kumfundisha mmoja wao kusoma lilikuwa kosa la jinai katika majimbo kadhaa ya kusini, sasa mmoja wao ameshika mhuri wa serikali, na barua zawafikia kwa majina yao.

Mwaka 1888 reli ilipita ng'ambo ya mto, wenye maduka wakahamia huko, katika mji wa Bogue. Nicodemus ukaanza kupungua. Posta yake ilidumu mpaka mwaka 1953. Mji haukufa wote. Mwaka 1996 ulifanywa mahali pa historia ya taifa, na kila mwaka mwishoni mwa Julai wajukuu hurudi kutoka miji ya mbali wakakutana hapo. Blackdom haukupata bahati hiyo. Huo nao ulikuwa mji wa watu weusi, kusini ya Roswell katika New Mexico, na posta yake ilifunguliwa mwaka 1912, ikafungwa mwaka 1919. Maji yalikuwa haba, na watu wakaondoka. Leo pana jangwa tu.

Kufungwa kwa posta, hata hivyo, si lazima kuwe ni kufa kwa mji, na hapa daftari laweza kumpoteza msomaji asiye na habari nyingine. Katika Indianola, jimbo la Mississippi, postamasta alikuwa mwanamke mweusi msomi, Bibi Minnie Cox, aliyeteuliwa mara ya kwanza mwaka 1891. Kazi yake haikuwa na dosari. Mwaka 1902 wazungu wa mji walianza kumtaka ajiuzulu, na vitisho vikazidi hata akaandika barua ya kujiuzulu na kuhama. Rais Theodore Roosevelt akakataa kuipokea. Mwanzoni mwa mwaka 1903 aliifunga posta ya Indianola, akaamuru barua zipelekwe mji mwingine, na Bibi Cox akaendelea kulipwa mshahara wake mpaka muda wake ulipokwisha. Mwenye kuitazama tarehe tu angesema mji ulipungukiwa na watu. Kumbe watu walikuwapo, tena walikuwapo kwa wingi. Kilichopungua ni uadilifu.

Na kuna lililo baya zaidi ya hilo. Frazier Baker, mwalimu mweusi, aliteuliwa mwaka 1897 kuwa postamasta wa Lake City, mji mdogo wa South Carolina. Usiku wa tarehe 22 Februari 1898 kundi la watu waliitia moto nyumba yake, ambayo ndiyo iliyokuwa posta, wakawapiga risasi waliokuwa wakitoka. Alikufa yeye na mtoto wake mchanga Julia. Mkewe na baadhi ya watoto wengine walijeruhiwa. Kesi ilifanyika mwaka 1899, na wazee wa baraza hawakuafikiana, hakuna aliyeadhibiwa. Mtu huyo katika daftari la uteuzi ni mstari mmoja kama mistari mingine. Mwaka 2019 posta ya Lake City ilipewa jina lake.

Mauti ya vijiji vingi, hata hivyo, hayakuja kwa dhuluma. Yalikuja kwa neema. Tarehe 1 Oktoba 1896, katika West Virginia, posta tatu za Charles Town, Halltown na Uvilla zilianza kuwapelekea wakulima barua mpaka mlangoni bila ya malipo. Wakulima walifurahi mno, na mwaka 1902 utaratibu huo ukawa wa kudumu nchi nzima. Lakini mtu akiletewa barua mlangoni haendi tena posta, na asipokwenda posta haendi dukani, na duka likifungwa mtu haoni tena sababu ya kusimama pale. Mwaka 1913 vifurushi navyo vikaanza kuletwa majumbani, na mkulima akanunua viatu na majembe kutoka Chicago kwa kutazama orodha ya bidhaa. Kufika mwaka 1910 tu posta zilikuwa zimekwisha pungua chini ya 60,000. Sisi hatusemi kuwa wakulima wangekataa neema hiyo. Lakini hakuna katika waliofurahi aliyejua kuwa anakifunga kijiji chake.

Mtu mmoja aliyeyapenda mambo haya, marehemu Richard Helbock, alitumia miaka mingi ya maisha yake kukusanya orodha ya posta zote za nchi ile, zilizo hai na zilizokufa. Baada ya kufa kwake, mwanachuo wa historia Cameron Blevins aliitengeneza orodha hiyo ifanyiwe kazi na kompyuta, akaitoa bure kwa watu wote mwaka 2021. Ina posta 166,140. Ukizitazama katika ramani, mwaka baada ya mwaka, waona nchi ya magharibi ikimeta mataa na kuzimika, huku yanawaka na kule yanazimwa, na pengine taa huwaka miaka miwili tu.

Ikiwa miongoni mwa vijana wetu waliokwenda kusoma au kukaa Marekani yuko anayetaka kuijaribu kazi hii, aanze na bahasha. Watu hutunza barua wakatupa bahasha, nao mhuri wenye jina la posta na tarehe uko juu ya bahasha. Jina hilo alitafute katika daftari la uteuzi, kwani siku hizi picha za madaftari hayo huonekana kwa intaneti. Kisha ashike jina la wilaya, atafute taarifa ya mahali pa posta, na kwa taarifa hiyo aende kwenye hati za ardhi, ambazo zimepangwa kwa miraba ile ile. Hapo ndipo atakapoanza kuona majina ya watu ambao hawakuwa mapostamasta.

Maana huu ndio upungufu mkubwa wa madaftari ya posta: humwandika anayegawa barua, wala hawaandiki wanaokuja kuzichukua. Na sisi Waislamu upungufu huo watuhusu. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waislamu kutoka Biladi ya Sham, wengi wao kutoka sehemu iliyo Lebanon leo, walichukua mashamba karibu na Ross, katika North Dakota, nchi ambayo baridi yake hugandisha maji ndani ya ndoo. Walilima ngano, wakasali katika nyumba zao kwa zamu, na mwaka 1929 wakajenga msikiti, mmoja wa misikiti ya mwanzo kabisa iliyojengwa katika nchi ile kwa ajili ya kusalia. Nusu yake ilikuwa chini ya ardhi. Kisha ukaja ukame na ufukara wa miaka ya 1930, vijana wakahamia mijini, na waliobaki wakazeeka. Mwaka 1939 waandishi waliotumwa na serikali waliwapitia baadhi yao wakaandika masimulizi yao; na hayo, pamoja na hati za ardhi, ndiyo yatupayo majina yao na mashamba yao. Daftari la posta latuambia tu kuwa Ross ilikuwapo.

Msikiti huo ulibomolewa katika miaka ya 1970. Makaburi yake yapo, na majiwe yana majina ya Kiislamu yaliyoandikwa kama Wamarekani walivyoyasikia, Mwenyezi Mungu awarehemu wenyewe. Mwaka 2005 karibu na makaburi hayo likajengwa jengo dogo jipya lenye kuba.